Jina ni la mama mkwe, herufi nataka ziwe zangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama kijacho, nina miaka 26, naishi Morogoro na mume wangu. Mimba imeingia mwezi wa nane na utrasaundi imeonyesha mtoto wa kike. Ni uzao wangu wa kwanza. Nakuandikia kwa sababu jina la huyu mtoto limeshaleta maneno kwenye familia, na yeye mwenyewe hajafika.

Upande wa mume walisema tangu mwanzo kwamba akizaliwa wa kike atakuwa somo wa bibi yake, yaani mama mkwe wangu, Rehema. Sikupinga. Mama mkwe ananipenda. Mimba ilipokuwa changa, nikawa sili kitu kikakaa tumboni, alifunga safari akahamia kwetu, akanipikia uji wa ndimu mpaka nikapata nguvu. Jina lake nalitaka kwa moyo wote. Ninachotaka mimi ni kuliandika kwa namna yangu: Ryhemah.

Sababu yangu ni hii. Naitwa Asha. Shule ya msingi, darasa moja, tulikuwa Asha watano. Mwalimu akaamua kututofautisha kwa kutubandika majina: Asha Mrefu, Asha wa Dukani, na mimi nikawa Asha Mweusi. Jina hilo lilinifuata mpaka sekondari, kuna watu mtaani bado wananiita hivyo, na sikulipenda hata siku moja. Niliapa kwamba mwanangu hatakuwa mmoja wa wengi. Rehema nao wamejaa kila kona. Lakini ukiona Ryhemah, unajua ni huyu tu. Na matamshi ni yaleyale, kwa hiyo bibi hajapoteza chochote.

Nikaweka statasi kwenye WhatsApp, "Njoo salama Ryhemah wetu." Wifi yangu akaiona, akaipeleka kwa mama yake na maneno juu: kwamba nataka uzungu, kwamba naliona jina la mama yao la kishamba. Sijawahi kusema hivyo wala kufikiri hivyo. Mama mkwe aliponiita hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, mimi jina langu nalijua. Hilo si langu." Yeye alijifunza kusoma akiwa mkubwa, kwenye kisomo cha watu wazima, na mpaka leo akitakiwa kusaini huandika REHEMA kwa herufi kubwa, moja moja. Tangu siku ile ananijibu vizuri lakini hapigi tena simu mwenyewe.

Mume wangu yuko katikati. Cheti chake cha kidato cha nne kinasema Ramadhan, kitambulisho cha NIDA kinasema Ramadhani, na alipopata kazi alisumbuka sana kwa ajili ya hiyo i. Ananiambia, "Uamuzi ni wako, ila usimrithishe mtoto shida yangu."

Shangazi, kuna ubaya gani kuandika jina nipendavyo? Niongee vipi na mama? Na kama nikiandikisha Ryhemah halafu mbele ya safari tukaona haifai, si linabadilishwa tu?

Mama Kijacho, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu Asha. Mungu akufungue salama wewe na kichanga.

Nianze na Asha Mweusi, maana naona ndiye aliyeniandikia barua hii. Mwalimu yule alikukosea. Mtoto wa darasa la kwanza haitwi kwa rangi yake mbele ya wenzake, na pole hiyo nakupa leo ingawa miaka imepita. Lakini angalia kosa lilikuwa wapi. Jina Asha halikukufanyia kitu. Mwalimu alikuwa na majina ya baba zenu kwenye daftari la mahudhurio, angeweza kuwaita Asha Salum, Asha Hamisi, Asha Juma, mkakaa dawati moja bila kuchanganywa. Majina yetu matatu, la mtoto, la baba na la babu, yanafanya kazi hiyo kila siku nchi nzima. Yeye alichagua njia ya mkato, na njia hiyo ikakuumiza.

Sasa jiulize: ungekuwa unaitwa Ashah, au Aysha kwa y, ungepona? Mwalimu anaita kwa mdomo na watoto wanasikia kwa masikio. Umesema mwenyewe kwamba Ryhemah na Rehema matamshi ni yaleyale. Basi siku mwanao atakapokaa darasani na Rehema wengine wawili, mwalimu akiita "Rehema!" watainuka wote watatu. Hiyo y na hiyo h vitabaki kwenye daftari, havitamkinga na jina la kubandikwa. Kitakachomkinga ni wewe na baba yake kwenda shuleni siku ya kwanza ukisikia kaitwa jina lisilo lake, ukamwambia mwalimu kwa adabu na bila kurudi nyuma: mwanangu anaitwa Rehema Ramadhani.

Na kama matamshi yatabadilika, ambavyo ndivyo ninavyoamini yatakuwa, basi bibi naye atakuwa amepoteza jina lake. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kiswahili chetu husomwa kama kilivyoandikwa. E ni e popote ilipo. Y ni ile ya yai na yeye, haijawahi kuwa irabu kwetu. Ukimpa mtu asiyekujua neno Ryhemah alisome, mmoja atasema Rihema, mwingine Rayhema kwa kufuata Kiingereza, na nesi mwenye haraka atakuuliza, "Hili linatamkwaje?" Swali hilo mtoto wako atalijibu kila dirisha atakaloinamia maisha yake yote. Mtindo huu wa kubadilisha herufi umetoka kwa wenzetu wa Kiingereza, na kule una nafasi yake, kwa sababu lugha yao ina njia nyingi za kuandika sauti moja. Catherine, Katherine na Kathryn wote wanaitika wito mmoja na hakuna anayeshangaa. Sisi herufi zetu kila moja ina kazi yake, ukiigusa herufi umegusa sauti. Ile h ya mwisho ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, maana haisikiki kabisa. Asiyesikia herufi hataiandika, na karani anayeandika jina kwa kutajiwa ataiacha bila kujua kwamba ameacha kitu.

Usidhani nasema kila jina lina namna moja tu ya kuandikwa. Wifi yako akikwambia hivyo, naye hajasema kweli. Tuna Zainabu, Zainab na Zeinab. Tuna Khadija na Hadija, Fatuma na Fatma, Mohamedi, Mohamed na Muhammad. Waprotestanti husoma Injili ya Yohana, Wakatoliki wakasoma ya Yohane. Mwandishi wetu mkubwa Shaaban Robert aliandika jina lake kwa a mbili, wakati mwanamuziki Rayvanny jina la baba yake huandikwa Shaban kwa a moja, na mtaani kwako wapo kina Shabani wenye i mwishoni. Wote hao wamepewa jina la mwezi uleule. Hata Rehema wa mama mkwe wako ni Rahma ya Kiarabu iliyolainika kwenye vinywa vya watu wa huku. Lakini tofauti zote hizo zimefuata mdomo wa watu fulani: mmoja alitamka hivi, mwingine vile, kalamu ikafuata. Hata h ya mwishoni ina asili yake, kwa kuwa wanaoandika Kiarabu kwa herufi za Kilatini huandika Rahmah. Ryhemah haina mdomo iliyoufuata. Huo ndio ubaya ulioniuliza, na hauhusiani na uzungu wala ushamba.

Mume wako msikilize vizuri. Yeye ndiye pekee kati yenu aliyekwisha kulipia herufi moja. Tofauti ya Ramadhan na Ramadhani ni ya kawaida kabisa, karani yeyote anaelewa kwamba ni mtu mmoja, na bado ilimzungusha. Mwanao atakuwa na herufi mbili ngeni kwenye jina moja, na mambo yenyewe siku hizi yamefungamana kuliko zamani. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinatakiwa anapoandikishwa shule. Jina analosajiliwa nalo kufanya mtihani wa NECTA ndilo linalochapwa kwenye cheti. Akitaka mkopo wa chuo kikuu, Bodi ya Mikopo inataka majina yafanane kwenye cheti cha kuzaliwa, kwenye matokeo na kwenye maombi yake. Akifikisha umri wa kitambulisho, anakwenda NIDA, na tangu mwaka 2019 laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole, jina likichukuliwa hukohuko NIDA. Kila mahali pana mtu anayeandika, na kila anayeandika ana mazoea ya mkono wake. Mkono uliokwisha kuandika Rehema mamia ya mara utaandika Rehema. Ikitokea hivyo sehemu moja tu, mwanao ana majina mawili.

Hata kutuma pesa. Unajua jina linavyotokea kwenye simu kabla hujathibitisha, na mtu anasitasita akiona halifanani na alilolitarajia. Mteja anayemjua Rehema muuza vitenge, akiona Ryhemah, atapiga kwanza simu kuuliza kama namba ni sahihi.

Lakini najua kinachokusukuma, na sitaki uone nimekunyang'anya. Unataka mtoto awe na kitu chako, maana jina limetoka kwa bibi, la pili la baba, la tatu la babu mzaa baba, na wewe uliyembeba hamna lako hata moja. Hilo ni jambo la haki kabisa na inafaa mume wako alisikie kwa kinywa chako. Mpe mtoto jina la nyumbani, lako mwenyewe, ulichague bila kumuuliza mtu. Watu wa pwani wamefanya hivyo siku zote, cheti kina lake na nyumba ina lake, na mara nyingi hilo la nyumbani ndilo mtu analolipenda hadi uzeeni. Huko andika utakavyo. Ukitaka Ryhemah kwenye keki, kwenye fulana, kwenye statasi na kwenye ukurasa wa Instagram, ni nafasi yako. Tazama wasanii wetu: Zuchu ni Zuhura Othman, Diamond Platnumz ni Naseeb Abdul, Rayvanny ni Raymond Mwakyusa. Herufi za kuvutia macho wameziweka kwenye jina la jukwaani, mahali ambapo mtu analichagua mwenyewe akiwa na akili zake na anaweza kuliacha akichoka.

Kuna wanaoshauri kuongeza jina la pili kabla ya la baba, kwa mfano Rehema Naila Ramadhani Salum. Mimi sikushauri. Fomu zetu nyingi zina nafasi tatu, jina la kwanza, la kati na la mwisho. Ukiwa na manne, ofisi moja itakata Naila, nyingine itamkata babu, na umerudi kwenye shida ya mume wako kwa mlango mwingine.

Njia nyingine ni Rahma. Ni jina linalojulikana, linaandikwa bila maswali, halina msongamano wa Rehema, na ni jina lilelile la bibi kwa matamshi ya Kiarabu. Akina mama wengi wangefurahi nalo. Ila hilo usilipitishe bila mama mkwe kukubali kwa hiari yake, na sidhani kama atakubali. Nitakwambia kwa nini.

Umenieleza kwamba alijifunza kusoma kwenye kisomo. Wewe hukuikuta Tanzania ile. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka iliyofuata watu walitoka shamba jioni, akina mama na watoto mgongoni, wakakaa chini ya mwembe au kwenye darasa la watoto wao kushika kalamu kwa mara ya kwanza. Wengi wao kabla ya hapo walikuwa wakitia dole gumba kwenye wino. Karatasi ya kodi, karatasi ya ushirika, karatasi ya hospitali, zote dole gumba, na mwingine ndiye aliyewaandikia jina lao na kuwasomea kilichoandikwa. Waliweza kujifunza upesi kwa sababu ya ule unyoofu wa herufi niliokueleza, kwamba ukijua re, he na ma, tayari unaweza kusoma Rehema na hakuna atakayekudanganya. Mama mkwe wako alilipata jina lake kwa jasho. Anapolisaini herufi moja moja, anafanya jambo ambalo mama yake pengine hakuweza kulifanya. Leo amemuona mjukuu aliyeambiwa atakuwa somo wake ana jina ambalo yeye hawezi kulisoma kwa alivyofundishwa. Aliposema "hilo si langu" hakuwa anakususia, alikuwa anakueleza ukweli wake.

Kwa hiyo nenda kwake. Usimtume mume, usiandike ujumbe, na usipitie kwa wifi. Nenda na mimba yako, ukae naye jikoni. Mwambie habari ya Asha Mweusi yote kama ulivyoniambia mimi, maana nina hakika hajaisikia, na hawezi kujua kwamba ulikuwa unamkinga mjukuu wake. Kisha mwombe akueleze nani alimpa yeye jina Rehema, na alijisikiaje siku ya kwanza aliyoliandika. Msikilize mpaka amalize. Mwambie mtoto ataandikwa Rehema, kama anavyoliandika yeye. Halafu umwambie na lile la nyumbani ulilolichagua, asije akalisikia kwa watu kama alivyoisikia statasi.

Wifi muache kwanza. Alichofanya si kizuri, kuchukua furaha ya mwenzake akaipeleka ikiwa imeongezwa chumvi. Lakini una mimba ya miezi minane, na ukishapatana na mama, maneno yake yatakosa pa kushika. Ukimaliza arobaini, ukiwa na nguvu, mwite mzungumze nyie wawili.

Umeuliza kama jina linabadilika baadaye. Linabadilika, ndiyo, ila si "tu". Mtu mzima anayetaka kubadili jina huandaa hati kwa wakili, hati hiyo husajiliwa kwa Msajili wa Nyaraka, kisha anaanza kuzunguka ofisi moja baada ya nyingine na nakala mkononi, kwa sababu ofisi moja ikibadilisha nyingine haijui. Mwenye tofauti ya herufi tu kama mume wako ndiyo hao wanaokwenda kula kiapo kwamba Ramadhan na Ramadhani ni mtu mmoja. Vyote ni fedha na siku za kazi, na wewe hutakuwepo kumlipia kila mara. Hakuna sheria ya kukuzuia kuandika Ryhemah leo. Huku kwetu hatuna kamati ya majina kama waliyonayo Iceland, karani ataandika utakachompa. Mzigo wote wa kufikiri uko kwenu wazazi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla uchungu haujaanza, andika jina kamili kwenye karatasi kwa herufi kubwa, REHEMA RAMADHANI na la babu, uiweke ndani ya kadi ya kliniki. Majina ya baba na babu yaandike kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, hiyo i ya mume wako isisahaulike. Hospitali watakupa tangazo la kuzaliwa: lisome hapohapo, kabla hujafunga vitu vyako kurudi nyumbani, maana cheti hufuata kilichoandikwa humo. Sheria inataka mtoto asajiliwe ndani ya siku 90. Siku hizi upo mpango wa watoto walio chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kusambaa mikoani, cheti hutolewa bila malipo kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, na huandikwa kwa mkono mbele yako. Mpe mwandishi ile karatasi yako, usimtajie kwa mdomo. Akimaliza omba ulisome kabla hajagonga muhuri, na kama mama mkwe amekusindikiza siku hiyo, mpe naye alisome.

Shangazi